Mtaro huanzia baharini: kisa cha mtaa mmoja wa Mtwara

Maji yaliingia nyumbani kwa jirani yangu saa 10 alfajiri, kimyakimya. Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa 7 usiku, lakini hakuna aliyesikia kishindo wala ukuta kuanguka. Aliposhusha mguu kitandani alikanyaga maji ya kifundoni, na alipowasha tochi ya simu akaona kandambili za watoto zinaelea kuelekea jikoni. Akagonga dirisha langu: "Njomba, amka! Maji yameshatufikia!" Tulipokwenda kuokoa godoro na gunia la mchele, juu ya mkeka tulimkuta kaa mdogo mwekundu, wale wa mikokoni wenye gando moja kubwa. Tulimtupa nje tukaendelea na kazi. Jibu la kisa hiki alikuwa nalo yule kaa, na ilinichukua wiki tatu kumwelewa.

Ilikuwa Januari. Nyumba 14 ziliingia maji alfajiri ile. Hakufa mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu, lakini mama ntilie wa kona alipoteza unga na sukari ya wiki nzima, fundi cherehani akapoteza vitambaa vya watu, na vyoo viwili vya shimo vilifurika hadi uani ambako watoto wanacheza. Maji yaliondoka yenyewe kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, wakati mvua ilikuwa bado inanyesha. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo, maana sisi wenyewe hatukuitilia maanani.

Mimi ni fundi sanifu ujenzi na nakaa mtaa huo. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu miji yetu ya pwani ya kusini ina mitaro mingi ya namna hii, na kila mvua ikipiga husikika kilio kilekile: mtaro ni mdogo, tujengewe mkubwa. Na mimi niliwahi kulia hivyo.

Mahali penyewe

Mtwara ni mji wa mchanga. Ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipotaka bandari ya kusafirishia karanga za Nachingwea. Mradi wa karanga ukafa 1951, reli yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mji ukabaki na barabara zake pana. Mtaa wetu haumo katika mpango ule wa kwanza. Wazee wanakumbuka palikuwa na minazi na vijaruba vya mpunga, na mwenye akili anajua mpunga hauoti pakavu. Watu walihamia kidogokidogo, wakajaza kifusi, wakajenga.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, tofauti na Dar es Salaam au Tanga wenye vuli na masika. Kwa hiyo mtaro unakaa mkavu nusu mwaka, na nusu mwaka hiyo ndiyo inayoujaza. Upepo wa kusi hupeperusha mchanga kutoka barabara za vumbi. Kila asubuhi kuna mfagio unaofagia uwanja, na mfagio huo huishia ukingoni mwa mtaro, mchanga na majani vinasukumwa ndani. Makumbi ya nazi, chupa za maji, nepi za watoto, majivu ya jikoni, vyote vinasubiri. Mifuko ya plastiki imepungua sana tangu katazo la Juni 1, 2019, hilo nimeliona kwa macho yangu. Mchanga haukupigwa marufuku.

Mtaro wenyewe una urefu wa mita 640. Umejengwa kwa mawe na saruji, upana sentimita 90, kina sentimita 90. Unaanzia kwenye kalavati la barabara ya lami, unapita katikati ya mtaa, unamwaga maji mikokoni ukingoni mwa ghuba. Ni mtaro mzuri, na waliojenga kuta zake walijua kazi.

Tulichokuwa tumefanya Novemba

Wakati wa kikao cha mtaa baada ya mafuriko, mwenyekiti alisimama akauliza swali la haki: "Jamani, mtaro huu si tuliusafisha Novemba? Maji yametoka wapi?" Ni kweli tulikuwa tumeusafisha. Siku mbili za msaragambo, watu zaidi ya 40, vijana kwa wazee. Tulianzia juu, kwenye lami, mahali ambapo takataka zinaonekana na wapita njia wanaona kazi. Tulisafisha kama mita 200 hivi, jua likawa kali, maji ya kunywa yakaisha, tukapigana mikono na kupeana hongera. Mchanga tuliouchota tuliuweka ukingoni mwa mtaro, tukisema lori litakuja.

Lori halikuja, kwa sababu hakuna aliyeliita. Mvua ya kwanza ya Desemba ilirudisha karibu nusu ya mchanga ule mtaroni. Hilo la kwanza. La pili ni zito zaidi: kwa kusafisha juu na kuacha chini, tuliyapa maji mbio mahali pa juu, yakabeba mchanga kwa nguvu, kisha yakakutana na sehemu ya chini iliyojaa, yakapoteza mwendo na kuutua mzigo wake palepale. Kwa mikono yetu tulihamisha mchanga kutoka kwa majirani wa juu tukawapelekea majirani wa chini. Nyumba zilizoingia maji, 14 zote, ziko chini.

Kikao kile hakikuyajua hayo. Kiliamua tuandike barua ya kuomba mtaro mpya wenye upana wa mita 2. Nami niliafiki.

Mpira wa maji na nondo

Kilichonizuia kutia sahihi siku ileile ni aibu ya kazi. Fundi hawezi kusema kitu ni kidogo kabla hajakipima. Jumapili iliyofuata nilichukua mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi wanapigia levo ya msingi. Wa kwangu ni mita 20. Ukiujaza maji na kuhakikisha hauna povu la hewa ndani, ncha zake mbili zitasimama sawasawa hata kama katikati kuna ukuta. Mtoto wa jirani, yuko kidato cha pili, alishika ncha moja na daftari, mimi nyingine. Tulipima pointi 33, kutoka lami hadi mikokoni, tukisoma kimo cha juu ya ukuta na kimo cha sakafu ya zege. Kuipata sakafu nilitumia kipande cha nondo ya milimita 12: unakisukuma mchangani hadi kigonge zege, unaweka kidole usawa wa mchanga, unachomoa na kupima kwa futi.

Juu, nondo iligonga zege mara moja au ilizama sentimita 10. Tulipovuka katikati ya mtaa ikaanza kuzama 25, 30, 40. Karibu na mikoko ilizama 55. Yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, kumbe huu mtaro tunaouona ni nusu tu." Katika mita 300 za mwisho mchanga ulikuwa na wastani wa sentimita 40 ndani ya mtaro wa sentimita 90.

Sasa hesabu, na naomba nivumiliwe, maana hapa ndipo rai yangu ilipogeuka. Wahandisi hutumia kanuni ya Manning kujua mtaro unapitisha maji kiasi gani: unaangalia ukubwa wa njia, mteremko, na ukwaru wa sakafu na kuta. Sehemu ya juu ya mtaro wetu inashuka sentimita 30 kila mita 100. Ukiwa safi, unaweza kupitisha lita 1,170 kwa sekunde. Ukijaa mchanga hadi nusu, mtu wa kawaida atasema utapitisha nusu ya hizo. Sivyo. Maji yanabaki na njia ya nusu kina, yanajisugua kwa wingi zaidi ukilinganisha na nafasi yaliyonayo, na badala ya saruji laini yanapita juu ya mchanga wenye matuta, nyasi na makumbi. Nilipopiga hesabu kwa hali ile nilipata lita 270 kwa sekunde. Nusu ya kina imepotea, lakini zaidi ya robo tatu ya nguvu ya mtaro imekwenda.

Na je, mvua inaleta maji kiasi gani? Eneo linalomwaga maji kwenye mtaro wetu nililikadiria kwa hatua na kwa ramani ya simu kuwa hekta 8. Mchanga wa Mtwara unakunywa maji vizuri, ila mabati, lami na nyua zilizosakafiwa hazinywi kitu. Tuchukue kwamba kati ya kila lita 10 zinazoanguka, 4 zinakimbilia mtaroni, na mvua ni kali ya milimita 60 kwa saa. Hiyo ni lita 530 hivi kwa sekunde. Hata tukisema nyumba zimeongezeka na sasa ni lita 6 kati ya 10, inakuwa lita 800. Mita 200 za mwisho, ambako mteremko unapungua hadi sentimita 15 kila mita 100, zikiwa safi zinapitisha kama lita 830. Mtaro ule tuliokuwa tunauita mdogo ulikuwa unatosha, ingawa sehemu ya chini inatosha kwa shida.

Nikaenda kuangalia vivuko. Kila mwenye geti hutaka gari au bodaboda ivuke mtaro, na njia rahisi ni kuweka bomba chini, kulifunika kwa zege, basi. Mtaro una vivuko 9, na vitano kati yake vimewekwa bomba la inchi 12. Bomba hilo likiwa safi kabisa, kwa mteremko wetu wa juu, linapitisha lita 45 hivi kwa sekunde. Yaani njia ya lita elfu na zaidi imebanwa kooni ipitishe 45, na yanayobaki yapande barabarani yaingie kwa watu. Kivuko kimojawapo kati ya vile vitano ni cha kwangu. Nilikijenga mwaka niliohamia, kwa haraka, kwa sababu bomba lilikuwa limebaki kwenye kazi. Kwa miaka yote ile niliwatazama majirani wa chini wakitoa maji kwa ndoo, na sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Kuhusu upana wa mita 2 tuliotaka kuomba: tungepewa, ungekuwa msiba mwingine. Maji yanahitaji kwenda kasi ya karibu mita 0.6 kwa sekunde au zaidi ili yabebe mchanga wake yenyewe. Katika mtaro mpana, mvua ndogo, na mvua nyingi ni ndogo, hutambaa nyembamba juu ya sakafu, polepole, na kutua mchanga. Mtaro mpana mahali tambarare hujaa upesi kuliko mwembamba, labda ujengewe mfereji mdogo katikati ya sakafu yake.

Kaa yule

Hata hivyo kuna jambo lilinisumbua. Kama tatizo ni mchanga na mabomba tu, kwa nini maji yaliondoka saa 2 asubuhi wakati mvua haijakoma?

Jibu alinipa bibi mmoja anayeuza samaki wa kukaanga, ambaye ujana wake wote alikuwa anachokoa pweza. Nilipomweleza saa za maji kuingia na kutoka, hakufikiri hata kidogo. "Mwanangu, siku ile si bamvua? Mwezi ulikuwa mpevu. Saa 10 alfajiri bahari imejaa. Saa 2 inakwenda zake. Hayo maji yalikuwa yanangoja mlango ufunguliwe."

Kila mtu wa pwani anayajua haya, na bado hayamo katika mazungumzo yetu ya mitaro. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari katika mwambao wetu hujaa kuelekea saa 10 au saa 11 alfajiri, na tena jioni saa zilezile. Hupwa saa 4 au saa 5 asubuhi, ndipo wanawake wanaposhuka miambani na mikuki yao. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua hapa Mtwara huzidi mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo huwa ndogo zaidi.

Bamvua lililofuata nilikwenda na tochi kwenye mdomo wa mtaro, saa 10 alfajiri, bila mvua yoyote. Maji ya bahari yalikuwa yamesimama sentimita 60 juu ya sakafu ya mdomo. Kwa mteremko wetu hafifu, sentimita 60 zile zinapanda ndani ya mtaro hadi mita 300 kutoka baharini: 30 za kwanza zinamezwa na mita 200 za chini, 30 zinazobaki na mita 100 zinazofuata. Nilitembea juu nikimulika. Maji yalikuwa yametulia kama ya kisima, na kwenye kuta kaa wekundu walikuwa wanapanda na kushuka. Waliishia karibu na kivuko cha mama ntilie. Nyumba 11 kati ya zile 14 ziko ndani ya mita hizo 300.

Basi ile alfajiri ya Januari mvua haikukutana na mtaro. Ilikutana na mtaro uliojaa mchanga nusu, uliobanwa na mabomba, na nusu iliyobaki imekaliwa na bahari. Ingenyesha vilevile saa 4 asubuhi, pengine tusingekuwa na kisa.

Ndiyo maana vimbunga vinanitia hofu zaidi sasa kuliko zamani. Lindi walipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kenneth alituweka macho Aprili 2019 kabla ya kuingia Msumbiji, na Hidaya, Mei 2024, alileta mvua iliyokata barabara kuu pale Somanga, Kilwa. Kimbunga huinua bahari kwa msukumo wa upepo na kushuka kwa kanieneo, kwa hiyo mdomo wa mtaro unaweza kuzibwa kwa saa nyingi kupita bamvua la kawaida, wakati mvua inamwagika.

Kuanzia mwisho

Tulirudi kikaoni na daftari la yule kijana. Sikutaka kuongea mimi tu. Yeye alisoma vipimo, bibi wa samaki akaeleza bamvua, mimi nikakiri kuhusu kivuko changu na kusema nitakivunja Jumamosi. Nadhani hilo la mwisho lilifanya kazi kuliko hesabu zote.

Safari hii tulianzia baharini. Tulichagua siku za bamvua kwa makusudi, kwa sababu maji yanayojaa sana ndiyo yanayopwa sana: kuanzia saa 3 hadi saa 6 mchana mdomo unakuwa mkavu kabisa na mtu anaweza kusimama ndani na koleo. Tulipanda juu mita 30, mita 40 kwa siku, bahari ikirudi tunatoka. Kila mchanga ulioondolewa chini uliyapa maji ya juu njia ya kujisafishia: ndani ya wiki moja, mvua mbili ndogo zilizonyesha zilikuwa zimeshaburuta mchanga mwingine zenyewe hadi mdomoni, kazi ambayo hatukuwa tumeifikia.

Mchanga wa mita 300 ulikuwa kama mita za ujazo 108, zaidi ya tani 180 ukiwa na maji. Kuubeba ndiyo kazi, kuchota ni rahisi. Vijana wenye maguta walianza kuupeleka kwenye makorongo ya barabara ya vumbi ya juu, hadi mzee mmoja alipowasimamisha: "Mnaupandisha mlimani ili mvua iurudishe?" Alikuwa sahihi. Wengine walitaka kuuchukua kujengea, tukawakataza, kwa sababu mchanga wa karibu na mdomo una chumvi, na chumvi inaila nondo kutoka ndani. Nyumba itakuja kupasuka wakati fundi ameshasahauliwa. Mwishowe ulikwenda dampo, ambako mchanga unahitajika kufunikia taka.

Hapo ndipo tulipojifunza kuandika barua. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, barabara kuu ziko TANROADS, taka ni kazi ya halmashauri, na mikoko inalindwa kama msitu, huikati bila kibali. Mtaro mmoja wa mita 640 unagusa milango yote hiyo. Barua yetu ya kwanza ilibeba maombi manne katika karatasi moja na kupelekwa mlango mmoja. Kosa lilikuwa letu. Tulipoandika barua fupi, kila moja na ombi moja, na vipimo, na picha ya nondo ikiwa imezama mchangani, lori lilipatikana ndani ya siku 9.

Vivuko vitano vya bomba vilivunjwa, viwili kwa hiari siku ya kwanza, vitatu baada ya maneno mengi. Badala yake tuliweka vifuniko vya zege vya sentimita 12 vyenye nondo, kila kipande upana wa sentimita 40, ili watu 4 waweze kukinyanyua siku ya kusafisha. Kifuniko kisichonyanyulika ni kaburi la mtaro, nimeona mitaa mizuri ikizama kwa sababu duka limejengwa juu ya vifuniko na hakuna anayeweza kuona chini kuna nini.

Juu kabisa, baada tu ya kalavati la lami, tulichimba na kujengea shimo la kutegea mchanga: urefu mita 2, upana mita 1.5, kina sentimita 80 chini ya sakafu ya mtaro. Maji yakifika hapo yanatulia, mchanga unatua. Linabeba mita za ujazo 2.4, ambazo watu 6 wanazitoa asubuhi moja. Ni afadhali kuchota mahali pamoja kila baada ya mvua kubwa kuliko kuchota mita 300 mara moja kwa mwaka. Ukingoni tulipanda ukoka, na tukakubaliana mfagio wa asubuhi usukume kuelekea ndani ya uwanja. Hilo la mfagio linasikika dogo. Nyumba zinazopakana na mtaro ni 50 na ushee, na kila moja ikiingiza koleo moja la mchanga kwa siku, shimo letu lote linajaa ndani ya wiki mbili.

Niliulizwa kwa nini tusifunge mlango wa bawaba mdomoni, unaofunguka maji ya mvua yakisukuma na kujifunga bahari ikija. Ni kifaa kizuri, ila kwa mtaro wenye mchanga na makumbi ya nazi, kumbi moja likikwama kwenye bawaba mlango unabaki wazi bahari inapojaa. Ukifungwa vizuri, bado maji ya mvua hayana pa kwenda hadi bahari ipungue. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza maji yanayoingia saa ile. Nyumba ya bati yenye mita za mraba 80, mvua ya milimita 50, ni lita 4,000. Tangi la lita 2,000 chini ya mlizamu, na shimo lililojazwa mawe upande wa juu ambako mchanga unakunywa, hizo lita 4,000 zisingefika mtaroni. Nyumba 7 zimefanya hivyo mpaka sasa.

Februari, Machi, na yaliyobaki

Tulichora alama nyekundu kila sentimita 10 kwenye ukuta wa mtaro, mahali pawili, na yule kijana akaweka kopo la rangi lenye kuta zilizonyooka juu ya banda ili apime mvua kwa rula. Usiku mmoja wa Februari kopo lilikuwa na milimita 71. Maji mtaroni yalifika alama ya sita. Hakuna nyumba iliyoingia maji, lakini bahari ilikuwa ya maji mafu, na niliwaambia watu wasishangilie bado.

Machi tulipata mtihani wenyewe: mvua iliyoanza usiku wa manane na bamvua la alfajiri. Maji yalipanda barabarani kwenye sehemu ya chini, yakakaa saa 1 na dakika 40, kisha yakaondoka. Yaliingia nyumba moja. Ni ile iliyojengwa chini kuliko zote, na ukuta wake mmoja umesimama juu ya njia ya zamani ya maji ambayo wazee waliilimia mpunga. Mwenye nyumba ni mjane na hana pa kwenda. Sina jibu la kifundi kwa hilo. Kuinua sakafu yake sentimita 40 ni jambo tunalolichangia.

Kuna nyumba mbili ambazo mabomba ya vyoo vyao bado yanaingia mtaroni. Watu wanaliona kama suala la harufu. Mimi naliona kama suala la kipindupindu maji yakifurika, na la matende na mabusha, ugonjwa ambao pwani ya kusini tunaujua kwa majina ya ndugu zetu. Mbu anayeueneza mijini anapenda kuzalia maji machafu yaliyosimama, na kila dimbwi la maji hayo linalobaki mtaroni ni kitalu chake. Tumewaendea wenye nyumba mara tatu. Mara ya nne tutakwenda na bwana afya.

Na mdomoni, katika mchanga uliotua nje ya mtaro, mikoko michanga imeota, mingine imefika magotini. Ninaipenda, inashikilia ufuo usiliwe na mawimbi, lakini sita kati yake imesimama katikati kabisa ya njia ya maji. Barua ya kuomba ihamishwe mita chache pembeni imeshapelekwa, safari hii mlango sahihi. Mpaka ijibiwe tunachota mchanga kuizunguka kwa mikono.

Shimo la kutegea mchanga lilikuwa limejaa robo tatu nilipolichungulia jana. Bamvua ni Jumatano, mdomo utakuwa mkavu kuanzia saa 3. Zamu ni ya nyumba za upande wa msikiti, na koleo mbili zimevunjika mipini, kwa hiyo mwenye koleo aje nalo.